Kikaguzi Chenu Kimenivunjia Heshima Dukani

Ndugu Wasimamizi wa Mradi wa Kikaguzi Huria,

Nawaandikia kwa heshima zote kutoka nyuma ya kaunta ya duka la dawa la mke wangu. Kompyuta iliyo mbele yangu ina programu niliyoiandika mwenyewe miaka sita iliyopita. Inatunza orodha ya dawa na kupiga kengele dawa inapoisha muda. Haikuwahi kulalamikiwa na mtu mpaka mlipokuja ninyi.

1. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyekisakinisha kikaguzi chenu cha makosa ya programu, akisema ni cha bure na yeyote anaruhusiwa kukichangia. Kabla mate hayajamkauka kikatoa maonyo mia tatu na kumi na saba. Na programu yenyewe haikuwa hata imewashwa! Kikaguzi kinasoma msimbo tu, yaani maandishi ya programu, kisha kinahukumu. Fundi gani huyo anayelikosoa gari bila kuwasha injini?

2. Maonyo hayo shemeji aliyasoma kwa sauti mbele ya wateja wawili. Tangu siku hiyo ananiita Mia Tatu.

3. Kikaguzi kinadai mstari wangu wa 204 haufanyi kazi kamwe, ati ule wa juu yake unaifunga kazi mapema kabla haijaufikia. Mstari huo ndio unaopiga kengele! Kwa miaka sita hakijatoka hapa kidonge hata kimoja kilichoisha muda. Kama si mstari huo, ni nani amekuwa akifanya kazi?

4. Sikuweka kinyongo, nilichangia. Nilisoma mwongozo wenu wote, nikawatumia kanuni mpya: faili ambalo mwandishi wake ana mvi lisikaguliwe. Mhakiki wenu akanijibu, kwa adabu inayoudhi, kwamba mchango hauna jaribio la kuthibitisha kuwa unafanya kazi. Nikatuma picha ya kichwa changu. Akaomba jaribio tena.

5. Kwa hiyo naomba kanuni iliyousingizia mstari wa 204 ifutwe duniani kote, nami niteuliwe msimamizi ili nisikaguliwe tena na mtu.

Nisalimieni wachangiaji wote, pamoja na yule mwenye adabu. Mke wangu anawasalimu. Shemeji sikumuuliza.

Wenu mwenye mvi,
Mume wa Mfamasia

Nyongeza: Nimeliandika lile jaribio, nikiutumia mstari wa 204 ili niwaaibishe. Niliingiza dawa iliyoisha muda mwaka jana. Kengele haikulia. Nilipomwita mke wangu hakushtuka hata kidogo, alifungua droo akanionyesha daftari. Kila Jumatatu, miaka yote sita, amekuwa akikagua tarehe za boksi mojamoja kwa macho yake. Hakuniambia kwa sababu siku ile nilipomwonyesha programu nilikuwa na furaha mno. Nimeona haya, na nimempenda upya. Tafadhali kanuni yenu msiiguse. Mstari nimeurekebisha, na jaribio nimeliambatisha, safari hii bila mvi. Jumatatu hii kengele imelia mara mbili, na mke wangu amekunywa chai yake akiwa ameketi.