Kisima Kisichoruhusiwa Kuwaka

Jirani anaapa aliona kwa macho yake: dobi aliwasha jiko karibu na kisima, ndoo ikashika moto, ikaanza kucheza kama mtu aliyekalia siafu. Jirani hutia chumvi. Ndoo haikucheza. Maji yaliwaka tu.

Kulipokucha, Idara ya Maji Salama ikatangaza kwa kipaza sauti: maji ya wananchi hayawaki, kilichowaka ni uvumi. Ni kweli tangi la kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara limetoboka huko chini ardhini, lakini petroli haina kibali cha kuvuka barabara.

Hata hivyo Idara ni sikivu. Iliunda Kamati ya Kunusa, wajumbe watatu, wote wana mafua, ili pasiwe na upendeleo. Walinusa mpaka saa ya chakula. Hawakusikia kitu.

"Sasa hii inayoelea hapa juu ni nini?" dobi akauliza.

"Inaelea, ndiyo. Nyie choteni ya chini," mwenyekiti akasema, akapiga chafya.

Dobi akachota ya chini. Ilinuka vilevile. Kitindamimba wake alibabuka midomo, na kila akinywa analia kichwa kinamuuma. Dobi hakutaka makuu: kisima kifungwe, gari la maji lije.

Badala ya gari akaja Mkurugenzi, kukizindua upya kisima kilekile. Akakata utepe, akahutubia wee, kisha akaweka sigara mdomoni na kujipapasa mifuko.

"Maji haya ni salama kama maziwa ya mama! Nani ana kiberiti?"

Watu wakarudi nyuma. Dobi akasogea mbele.

"Shikamoo, mzee. Kiberiti ninacho. Shati limekukaa?"

"Marahaba. Limenikaa, ila halijakauka vizuri. Halafu lina kaharufu."

"Si ulilitaka haraka, mzee? Nimelifua alfajiri hii, kwa maji haya haya."

Mkurugenzi akalitazama shati. Akageuka kuitazama kamati. Kamati ilikuwa imeshafika barabarani, mafua yote yamepona.

Dobi akachomoa njiti, akaiegemeza kwenye ubavu wa kiberiti, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Nakuomba neno moja tu, mzee wangu. Niwashe, au gari la maji linakuja?"