Mavi ya Ng'ombe Upande Wangu wa Kulia

Jumatatu, 10 Julai 1995
Nimechokozwa! Injinia Mori, Mjapani anayefunga mashine mpya za kuchambua pamba kwenye kampuni yetu, katangaza kwamba Jumamosi atachagua timu ya besiboli ya kwenda Mwanza. Nafasi yangu, ya kudaka mipira inayotambaa chini, anaitaka pia Masalu. Masalu! Keshia anayevaa miwani ya jua ndani ya ghala. Na mimi nimeshamwambia Apolonia wa dukani kwamba naenda.

Jumanne, 11 Julai
Mazoezi. Mpira ukija kushoto, nadaka. Ukija kulia, balaa. Glavu iko mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono uvuke mwili, kidole gumba kiangalie chini, ndipo udake. Upuuzi mtupu! Nikasogea kulia kabisa. Mipira yote ikapita kushoto. Masalu akajitolea kunielekeza, eti nusu saa inatosha. Nikamwambia akawaelekeze ng'ombe.

Jumatano, 12 Julai
Nimevaa glavu mkono wa kulia. Kudaka, nimedaka. Kurusha kwa kushoto ndiyo kazi. Mpira ulimpata Mzee Ngeleja, mlinzi, mgongoni. Alinitukana Kisukuma kizima. Kwani alikaa pale kufanya nini?

Alhamisi, 13 Julai
Nimepata! Mpira unakimbia kwa sababu ardhi ni kavu. Upande wa kulia ukilowana, utanasa wenyewe, nami niuokote kwa raha zangu. Nimemwomba Mayu, mama yangu mzazi, apasilibe kwa mavi mabichi ya ng'ombe, kama anavyosiliba uga wa kupuria mtama. Alikuja na wenzake, wakasiliba vizuri sana. Akaniuliza kama nina hakika, maana kwa jua hili Jumamosi patakuwa pagumu, hata punje haitapotea. Nikamwambia yeye besiboli haijui. Mori nimemwambia ni dawa ya vumbi.

Jumamosi, 15 Julai
Laana! Pamekauka, pamekuwa sakafu! Mpira wa kwanza ulinipita. Wa pili ukanipiga ugoko. Wa tatu sikuuona. Zamu ya Masalu, mkono ukavuka, gumba chini, akadaka. Tena akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona uwanja mzuri hivyo, mpira haurukiruki, aliyesiliba ashukuriwe. Wakampigia Mayu makofi. Mayu akapokea! Apolonia alikuwepo. Nililia kidogo. Ugoko uliuma.

Jumapili, 16 Julai
Masalu kaenda Mwanza. Mayu na wenzake wanapura mtama kwenye nafasi yangu, tena wanaimba. Masalu kaacha ujumbe kwamba akirudi, ile nusu saa bado ipo. Dharau gani hii! Nimekaa nikafikiri kwa makini. Kosa lilikuwa moja tu, mavi yalikuwa machache. Timu nyingine itachaguliwa Agosti. Nimeshaagiza mkokoteni mzima kutoka Mwamapalala. Safari hii nasiliba na upande wa kushoto.