Matendo Mema Kabla ya Kisu

Jumatatu, tarehe 6

Napasuliwa! Ijumaa ya wiki ijayo. Daktari kasema ni ngiri, na kwamba upasuaji wenyewe ni mdogo. Mdogo kwa nani? Kwa anayeshika kisu, labda. Nikamwuliza kama kuna watu ambao hawaamki baada ya dawa ya usingizi. Akasema ni nadra sana. Hakusema hakuna. Nimetoka pale tumbo joto, na tumbo lenyewe ndilo hilohilo bovu. Tena amenikataza kunyanyua kitu chochote kizito.

Haya, tuseme sikuamka. Nitasimama mbele za Mungu na nini? Nimekaa dukani mbele ya cherehani mchana kutwa nikijiuliza swali hilo, hadi suruali ya mteja nikaishona mguu mmoja ndani nje. Miaka yote hii nimeshona nguo, nimelipwa, nimekwenda kanisani, nimesinzia kidogo, nimerudi nyumbani. Huo ndio wema wangu wote. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa wajinga.

Jana mchungaji alihubiri kwamba tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Eti Mungu hutoa bure. Kanisa zima likasema amina. Isipokuwa mimi. Nina duka, nafahamu mambo ya bure yanavyoishia.

Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni shemeji, kaka wa mke wangu. Mwaka jana tu tulikuwa tunamwokota mtaroni, amelewa chakari. Sasa ameokoka, anaimba besi kwenye kwaya, analala sebuleni kwetu na kunywa chai yetu kwa raha zake. Tendo jema hata moja sijaliona! Na bado usoni ana amani, amani ya mtu aliyekwisha fika. Huyo akiingia mbinguni mimi nikabaki nje nimeshika komeo, nitaaibika milele na milele. Nimeamua. Kuanzia kesho ni matendo mema, mfululizo, hadi siku ya kisu.

Jumanne, tarehe 7

Nimeanza na bibi wa ghorofa ya chini. Mjane. Maji huchota uani kwa ndoo. Nilimvizia anatoka, nikamnyang'anya ndoo kwa heshima zote. Akasema, mwanangu, acha tu. Nikasema haiwezekani, bibi. Nikaijaza hadi ukingoni, maana wema nusu si wema. Hatua chache tu, nikasikia kitu kinachomoza tumboni. Nikapiga yowe. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

Matokeo yake nililala kitandani kwa bibi hadi alasiri. Kanipepea kwa kipande cha boksi. Kanipa chai na mkate. Kaniombea, ombi refu, akitaja hata viungo ambavyo havina shida yoyote. Kisha akatoka kwenda kuchota maji yake mwenyewe, akarudi, akanishika mkono kunipandisha ngazi. Yaani nimekwenda kutenda wema, nikatendewa mimi. Thawabu yote ya leo imemwangukia yeye, ambaye wala hakuwa na haraka nayo.

Mke wangu kauliza nilikuwa nafanya nini na ndoo. Nikasema mazoezi.

Jumatano, tarehe 8

Leo nimeepuka vitu vizito. Nimechagua msamaha. Msamaha hauna uzito, na mbinguni unathaminiwa. Nikatafuta mtu wa kumsamehe, nikampata mwenye bucha wa mtaa wetu. Yule bwana aliwahi kusema mbele za watu kwamba kaptula ninazoshona zina makalio matatu. Neno hilo nimeliweka moyoni muda mrefu.

Nilisubiri foleni iwe ndefu, mashahidi wasikosekane. Kisha nikatangaza kwa sauti ya upole: ndugu yangu, nimekusamehe. Akashusha panga. Akauliza, kwa lipi? Nikamkumbusha. Hakumbuki! Halafu akafuta mikono, akazunguka meza, akanishika bega. Akasema nisijisumbue, yeye mwenyewe alikwisha nisamehe kitambo. Mimi? Kwa lipi? Kwa suruali niliyomshonea, iliyopasuka nyuma siku ya harusi ya binti yake, alipoinama kuwasalimu wakwe mbele ya kamera. Foleni nzima ikaguna kwa huruma. Si kwangu. Akanifungia kipande cha nyama nzuri, akakataa pesa.

Nimekwenda kusamehe, nimerudi nimesamehewa, na nyama juu. Siku zinakwisha!

Alhamisi, tarehe 9

Nimepata! Majoho ya kwaya!

Kwaya yetu huimba kila mtu na shati lake, wanaonekana kama watu wanaosubiri basi. Na mimi nina jora zima la kitambaa cha zambarau; mteja aliagiza mapazia, akahama mji. Nitawashonea wote, bure, tena kwa siri. Siri ndiyo yenye nguvu. Mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kulia. Na wahenga nao: tenda wema uende zako. Maandiko na wahenga wakikubaliana, nani atapinga?

Ugumu wa siri ni vipimo. Huwezi kumzungushia mtu futi kiunoni asijue. Kwa hiyo jioni, wakati wa mazoezi, nimejibanza nje ya dirisha la kanisa nikawapima kwa jicho, mmoja mmoja, wakiwa wamejipanga wanaimba. Jicho la fundi halikosei. Wanawake wa mstari wa mbele, wafupi kidogo. Wanaume wa nyuma, warefu ajabu! Hasa shemeji. Sikujua kama amerefuka hivyo. Labda wokovu umemnyoosha mgongo.

Jumamosi, tarehe 11

Siku mbili nimejifungia dukani. Ngiri inachoma kila nikikanyaga cherehani. Nikasema sawa, maumivu nayo ni sadaka. Hofu ndiyo mbaya zaidi. Kila nikishika mkasi naiona Ijumaa. Nimejikata kidole mara mbili kwa sababu ya kumfikiria daktari.

Mchana shemeji kagonga. Kiherehere tu. Kachungulia, kaona zambarau, akafurahi kupita kiasi. Akaomba anisaidie kupiga mapindo. Nikakataa, aje agawane nami thawabu hivihivi! Akaomba basi ajaribishe lake, urefu tu, shemeji, urefu tu. Nikamwambia baraka haijaribishwi, na kwamba akimwambia mtu yeyote nitamtoa sebuleni. Akaapa kunyamaza. Akaniachia kikombe cha chai mlangoni, akaenda zake akipiga mluzi.

Jambo moja linanisumbua. Siri ikizidi, je, si inaweza kuleta mkanganyiko huko juu? Wakadhani ni fundi mwingine? Nimeona tahadhari si dhambi. Nimeshona kitambulisho kidogo ndani ya kila kola: "Kwa utukufu wa Mungu peke yake." Chini yake, kwa herufi ndogo sana, jina la duka na mahali lilipo.

Jumapili, tarehe 12

Balaa! Balaa tupu!

Sanduku la majoho nililiacha ofisini kwa mchungaji alfajiri, nikakimbia. Ibada ikaanza, kwaya ikaingia. Mstari wa mbele ulipendeza kupita maelezo. Machozi yalinilenga. Kisha wakaingia wanaume wa nyuma, na zambarau inaburuta sakafuni mbele na nyuma, viganja havionekani, miguu haionekani. Shemeji akakanyaga lake. Akamshika wa mbele yake. Wa mbele yake akashika kinanda. Wote chini, na kinanda juu yao, kinalia sauti moja tu isiyokoma.

Benchi! Wanaume wa nyuma wakiimba husimama juu ya benchi! Kutokea dirishani sikuliona. Na mimi mwenyewe ndiye niliyesaidia kulibeba benchi hilo kuliingiza kanisani, na huenda ndilo lililonipa hii ngiri. Nimewashonea watu majoho pamoja na urefu wa benchi.

Na siri? Mwalimu wa kwaya, katika kujinasua, akakuta kitambulisho. Akakisoma kwenye kipaza sauti, pamoja na mahali duka lilipo. Kanisa lote likageuka kunitazama. Nikaomba ardhi ipasuke inimeze, halafu nikaikumbuka Ijumaa, nikalifuta ombi hilo haraka.

Shemeji ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akalikusanya joho lake mikononi, akacheka hadi akashika mbavu, akaanzisha wimbo. Wengine wakafuata. Watu wakapiga makofi. Mwishoni mchungaji akasema, tumwombee fundi wetu. Hakusema tumshukuru. Tofauti yake nimeielewa vizuri.

Jumanne, tarehe 14

Kina mama wa kwaya wamevamia dukani na mikasi yao. Wakanikalisha kwenye kiti, wakasema nisiinue hata kidole. Wakakata mapindo, wakashona upya, wakacheka, wakafagia na duka. Vipande vilivyobaki wakaviunganisha, wakanishonea shuka la kwenda nalo hospitali. Mimi! Tendo langu pekee lililokaribia kukamilika, nalo limenirudia likiwa shuka.

Mchungaji kapita kuwaangalia. Nikamvuta pembeni, nikamwuliza kama kuna tendo lolote la haraka, hata dogo, linaloweza kumalizika kabla ya Ijumaa. Akasema tendo hilo lilikwisha kufanywa zamani sana, msalabani, na si mimi niliyelifanya, na wala sitakiwi kulirudia. Mtu unakwenda na hofu yako unaomba kazi, unaambiwa kazi imekwisha. Sasa mimi nishike nini?

Sijala leo. Mke wangu anasema baba watoto, utaisha kabla hawajakugusa.

Alhamisi, tarehe 16

Nimelazwa. Kitanda cha dirishani. Harufu ya dawa kila mahali, na mgonjwa wa jirani anakoroma bila huruma. Mke wangu alikaa hadi wageni walipotolewa, akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Shemeji, aliyenibebea begi, amewabembeleza manesi wamemruhusu abaki.

Naogopa. Acha niandike wazi. Naogopa sana, herufi zinakwenda upogo. Sina chochote. Wiki nzima nimehangaika na nimemaliza nikiwa nyuma ya nilipoanzia.

Nikamwuliza shemeji, safari hii bila kumbeza, yeye akifa leo atasema nini huko, maana hana alichofanya. Hakukasirika. Akasema: "Shemeji, mimi siku ile nilikuwa mtaroni, hata viatu sina. Nilijua sina cha kumpa Mungu. Basi nikapokea tu. Wewe unateseka kwa sababu bado unafikiri unacho cha kumpa." Kisha akanishika mkono. Akaushika tu.

Nikalia. Mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Nikasema moyoni, Bwana, sina kitu, nipokee hivihivi. Na nikatulia. Kweli kabisa, nilitulia, kama vile mtu amenitua furushi. Sijawahi kusikia hivyo maishani mwangu.

Baadaye nesi kamwita shemeji nje. Kachelewa kurudi, na karudi amekunja mkono mmoja kifuani. Nikadhani amejigonga mahali.

Jumamosi, tarehe 18

Niko hai! Nimepasuliwa, nimeshonwa, nimeamka! Mshono nimeukagua. Si mbaya, ingawa mimi ningetumia uzi mwembamba zaidi.

Daktari kapita asubuhi. Kasema damu ilitoka zaidi ya walivyotegemea, ikabidi waniongeze chupa moja. Bahati nzuri ndugu yangu alikuwa amekwisha kujitolea, na damu zetu zinapatana. Ndugu gani? Mke wangu akainamisha kichwa. Nilipombana akasema ni kaka yake. Alitoa Alhamisi ileile, akaomba nisiambiwe, eti nitahangaika bure.

Nikamtazama shemeji. Amesinzia kwenye kiti, plasta mkononi. Machozi yakanitoka. Damu yake inazunguka ndani yangu, na sikuiomba, sikuilipia, hata macho nilikuwa nimefumba. Hiyo ndiyo neema! Sasa nimeielewa. Nimeielewa yote. Sidhani kama pale kanisani kwetu kuna mtu aliyeielewa kama mimi, na hapo namhesabu na mchungaji. Nikitoka hapa nitamwomba aniachie mimbari Jumapili moja, niwaeleze vizuri.

Nimelala na furaha hiyo hadi saa ya chakula. Halafu nikaanza kufikiri. Chupa nzima! Tena kwa siri, na siri ikakaa! Mimi wiki nzima sijafanikisha hata ndoo ya maji, yeye amekwenda kimyakimya akanipita kwa chupa nzima ya damu. Sasa tukifika huko juu tutasimamaje, mimi na yeye, bega kwa bega? Hapana. Haiwezekani ikaishia hapo.

Nimemwita nesi, nikamnong'oneza: mtu aliyepasuliwa jana anaruhusiwa kutoa damu lini? Akasema si leo wala kesho, ni baada ya miezi kadhaa, na kwanza, ya kumpa nani? Nikamwonyesha shemeji kwa kidole. Nikasema naomba niandikishwe mapema, chupa mbili. Nesi akamtazama, akanitazama, akasema lakini huyu haumwi.

Nimemwambia nitasubiri.