Sadalla Kashika Mkia

Jumatatu, 4 Agosti

Mwamba, nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Chumba changu cha tuisheni kinaniponyoka. Bi Khairunnisa, mwenye duka la vitenge hapo chini na mwenye jengo zima, kapanda ngazi leo akihema. Kasema wazazi wanakuja Ijumaa kuamua: chumba kibaki kwangu au apewe Severa. Severa! Ana shahada ya ualimu ya kweli, na haachi kuitaja. Mimi hesabu nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Bila hiki chumba narudi Msimbazi kuuza soksi na rafiki yangu Polycarp.

Ila mpango upo. Akili mnemba! Napiga picha majaribio ya watoto wa kidato cha pili. Yenyewe inasahihisha, inaona nani kakwama wapi, inampa kila dhaifu mwenza wa kumsaidia, inatuma ripoti kwenye grupu la wazazi. Mimi nakunywa chai tu. Nimeipima kwanza: nikafanya jaribio mwenyewe, jina nikaandika Sadalla badala ya Nassibu. Halafu nikaingiza ya wengine. Nikabonyeza. Safi kabisa.

Jumanne, 5 Agosti

Sio safi. Ripoti zimeenda, na ya Sadalla imo. Nilisahau kuifuta! Na Sadalla kashika mkia! Imeandika: "Anajiamini kuliko anavyojua. Akihamisha namba upande wa pili habadili alama. Aanzie hesabu za darasa la sita. Asikaripiwe."

Asikaripiwe! Mimi!

Grupu limewaka. Huyo Sadalla mtoto wa nani? Mzee Narendra wa duka la vyombo kauliza kama anakula vizuri. Nikisema ukweli, watajua wa mwisho darasani ni mwalimu. Nikawaambia ni mtoto wa Buguruni, mazingira magumu, ana aibu, namfundisha peke yake. Sio uongo wote. Nakaa Buguruni, na mazingira ni magumu.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wa mji huu kwa kuchangia! Nimefika nimekuta hotpoti ya pilau mlangoni, ya Bi Khairunnisa, imebandikwa jina la Sadalla. Mzee Narendra kaleta mkebe wenye rula na bikari, na viatu vyeusi vya shule. Pilau nimekula. Viatu vinabana kidogo, ila vyangu vina matundu.

Balaa ni mwenza. Akili mnemba imempa Sadalla yule Hind, binti wa Bi Khairunnisa, anayeongoza darasa. Hind hana huruma hata chembe. Kaniachia karatasi ya maswali nimpelekee. Nikajifungia, nikayafanya, nikamrudishia. Kasahihisha mbele yangu huku anaguna. "Ticha, huyu mtu wako anabahatisha. Mwambie namba ikivuka, alama inageuka. Hivi anasikilizaga?"

Nikasema anasikiliza sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Maswali tena. Kichwa kinagonga. Lakini Sadalla kapanda! Bado wa mwisho, ila sasa anamwona wa mbele yake mgongo. Akili mnemba ikampongeza, nikajikuta natabasamu kama mjinga. Wazazi wamefurahi kupita kiasi.

Severa naye, sijui nani kamwingiza kwenye grupu, kaandika kwa upole kwamba angependa kumwona huyo mtoto akifanya swali ubaoni. Bi Khairunnisa kadakia: aje kesho! Akiliweza, chumba cha mwalimu Nassibu, mjadala umefungwa.

Nikakimbilia kwa Polycarp. Nikamwomba avae kaptula ya shule, awe Sadalla nusu saa tu. Kaniuliza kama nimeziona ndevu zake. Nikamwambia anyoe. Kasema mchumba wake anazipenda, na mimi nikapimwe akili.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, kwa hiyo hakuna mzazi aliyekosa. Nikawatangazia Sadalla anaumwa tumbo. Bi Khairunnisa akashika kifua: jamani, pilau langu? Nikamtoa wasiwasi, nikasema pilau lilikuwa tamu mno. Severa akaniangalia.

Hind akasimama. Kasema basi ticha atuonyeshe alivyomfundisha. Akaandika swali ubaoni. Nikaihamisha namba upande wa pili kwa madaha, nikamaliza, nikageuka kuwapa tabasamu.

Hind akatoa karatasi za Sadalla, akaziinua kando ya ubao. Kosa lile lile. Na tarakimu za saba zile zile, ninazozikata kwa mstari katikati. "Mama," kasema, "pilau kala ticha."

Mzee Narendra akainama taratibu, akatazama miguu yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Chumba kapewa Severa. Sikutukanwa hata na mtu mmoja. Bora wangenitukana.

Nilikuwa nashusha ubao wangu Severa akanifuata ngazini. Kasema mashine yangu ilimpima mtu mmoja sawasawa na kumpa mwalimu anayemfaa, kwa hiyo kiti cha mbele ni changu, karibu na Hind. Nisome bure mpaka nifanye mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikataka kukataa kwa heshima. Nikakumbuka soksi. Nikakubali.

Sharti moja tu: Jumatatu nije na mzazi au mlezi, kama wanafunzi wote, aahidi mbele yake kwamba sitadanganya tena. Mlezi! Nina miaka ishirini na tatu! Mama yuko Mpwapwa, na akisikia haya atapanda basi la kwanza na fimbo mkononi.

Lakini nimeshawaza. Akili mnemba imeniandalia baba mdogo. Anaitwa Mzee Zakayo, mtu wa dini, mkali ila ana huruma, na hotuba yake kuhusu ukweli imenitoa machozi. Kilichobaki ni mtu wa kuisema. Yupo muuza kahawa wa kona, ana kanzu safi lakini anacheka hovyo. Yupo fundi cherehani, hacheki kabisa, ila Bi Khairunnisa anamjua.

Mwamba, ungekuwa wewe, ungemchukua yupi?