Korongo Linalopitisha Mtu Mmoja

Saa nne na dakika ishirini asubuhi ya leo, nimemkalia mama mkwe wangu mapajani. Nalisema mwenyewe mapema, maana Mulonda alikuwepo, na Mulonda hana siri.

Mnaonifahamu hapa Baraka mnajua kwamba Jumamosi huwa napeleka watu kuona magofu ya tanuru, mahali ambapo wahunzi wa zamani sana walikuwa wakiyeyusha chuma, ndani ya korongo la mto juu ya Mboko. Sikusomea kazi hiyo. Nimejifunza polepole, kwa vitabu na kwa kuuliza.

Leo mgeni alikuwa mama mkwe. Ni mjane, anaishi peke yake Mboko, na macho yake yamechoka. Mke wangu anamsihi ahamie kwetu. Anakataa kwa sababu moja: atalalaje nyumba moja na mkwe wake? Kwetu watu hawa wawili hawashikani mikono, hawali pamoja, na neno lolote hupitia kwa mke. (Miaka yote ya ndoa nimemsalimia nikitazama ukuta.) Nikawaza: tukimaliza siku nzima bila kosa, ataona kwamba inawezekana.

Nilipanga vizuri. Mimi mbele, kisha rafiki yangu Mulonda, kisha mke wangu, na mama mkwe mwisho. Nikaonyesha kuta zilizobomoka, masizi, matundu ya kupulizia moto. Hata nikasikia sauti kutoka nyuma: "Umuulize bwana yako, makaa walikuwa wanatoa wapi?" Nilifurahi sana.

Kasoro ya mpango niliiona wakati wa kurudi. Korongo lile ni jembamba, linapitisha mtu mmoja tu, na halina mlango mwingine. Tukigeuka tu, mama mkwe ndiye anayetangulia, na mbele yetu kuna mawe yanayoteleza. Lazima kiongozi awe mbele. Lakini ili nifike mbele, nilipaswa kumpita kifua kwa kifua.

"Pita tu," Mulonda akasema. "Yeye ageukie jiwe ya huku, weye ya kule."

"Siwezi."

"Basi panda juu kama mbuzi."

Nikapanda. (Asubuhi ileile nilikuwa nimewakataza wote kupanda mawe hayo.) Mama mkwe, kwa heshima, akaketi chini na kujifunika kitenge usoni asinione nikipita juu yake. Kwa hiyo hakuniona nikija.

Jiwe lilichomoka. Nilishuka nikiteleza, suruali ikanaswa na kupasuka kutoka mkanda hadi goti, nami nikafika chini nikiwa nimekaa. Juu yake.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, aliniambia neno moja kwa moja.

"Mukwe, uko muzito."

"Munisamehe, Mama. Mumeumia?"

"Hapana. Unakulaka nini?"

"Bugali, Mama."

Mulonda alikwenda kusimama nyuma ya jiwe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama mkwe akanipa kitenge chake, uso wake ukiwa pembeni. Nilipokwisha kujifunga, akanishika bega. "Tembea sasa. Mi sioni mawe. Ile yenye tulikuwa tunaogopa imekwisha fanyika." Tukashuka hivyo hadi barabarani, yeye nyuma akinishika, mimi mbele katika kitenge chenye picha za kuku. Wauza samaki wote waliacha kuuza.

Mlangoni pake aliniachia bega na kumgeukia binti yake. Heshima ilikuwa imerudi.

"Umuambie bwana yako alete mbuzi ya kuosha haya. Kisha akuje kubeba kitanda yangu."

Mke wangu alilia. Kitanda nitakibeba kesho baada ya ibada. Atakayepita kwetu kumsalimu mama, naomba asiulize habari za tanuru. Hasara yote, mbuzi pamoja na suruali: dola sabini na tano.