Ng'ombe Wanne kwa Debe la Barafu

Siku motokaa ya Felisian Mhoja ilipopita mjini Musoma, Kudura bin Salum alikuwa nje ya kibanda chake cha fundi bati, anaziba birika. Aliliziba kwa uangalifu, ili lisivuje kabla mwenye birika hajafika nyumbani. Zaidi ya hapo aliona ni kuharibu biashara.

Ilikuwa saa saba mchana, mwaka 1957, na jua lilikuwa halina utani. Motokaa ile ilikuwa ndefu, nyeupe, ya Kimarekani. Mwenyewe alikuwa mnunuzi wa pamba wa Bunda, na aliinunua kwa mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Kila mtu alijua kwamba ndani yake mlikuwa na mashine ya kutoa baridi. Watu walisema Felisian huvaa sweta akienda kanisani.

Vioo vyote vinne vilikuwa vimefungwa. Wapita njia waliangalia motokaa. Kudura aliangalia pua ya mwenye motokaa, ambapo tone la jasho lilikuwa linaning'inia, likaanguka, na jingine likachukua nafasi yake.

"Mashine imekufa," Kudura akaliambia birika, "na mwenyewe anaona aibu kufungua kioo."

Akaliweka chini. Alikuwa na haja ya ng'ombe wanne, na hakuwa na hata mkia wa mmoja.

Ng'ombe hao walikuwa wa mahari. Mzee Nyamhanga wa Butiama, baba yake Tabu, alikuwa amemweleza wazi: "Mambo ya dini mtamalizana na shehe. Mimi nataka ng'ombe wanne kabla mvua haijaanza. Kuna karani mmoja wa boma ameshaleta wawili." Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya ziwa, na kila Kudura alipoyaona aliona sura ya karani.

Alimkuta Felisian kwenye pampu ya petroli. Akagonga kioo. Kikashuka upana wa kidole, na hewa iliyotoka humo ilikuwa kama ya tanuri la mikate.

"Sema upesi," Felisian akasema. "Baridi itatoka."

"Shikamoo, Bwana Mhoja. Naona baridi imezidi mpaka unatoka jasho."

"Hili si jasho. Ni umande."

"Basi huo umande ndio ugonjwa ninaoutibu mimi. Magari matatu nimeyatibu Nairobi. Gesi ya baridi imeisha humo ndani, inatakiwa ijazwe upya."

Ukweli ni kwamba Kudura hakuwahi kufika Nairobi. Aliwahi kufika Tarime, akarudi kwa sababu viatu vilimbana.

Felisian akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. "Unadaigi kiasi gani?"

"Sitaki hela. Nataka ng'ombe wanne."

"Wa kufanyia nini?"

Hapo Kudura akadanganya, kwa sababu mtu akijua unaoa hukupandishia bei. "Wa kuchinja. Nina mkataba na bucha hapa mjini."

"Wote wanachinjwa?"

"Siku hiyohiyo wanayofika."

Felisian akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Njoo Bunda keshokutwa, bwana fundi." Kudura akarudi kibandani akiusifu ulimi wake njia nzima.

Alijiandaa kwa utaratibu, kama fundi wa kweli. Alitengeneza debe bapa la bati lenye mfuniko wa matundu. Akanunua barafu ya wavuvi bandarini, akalijaza debe, akalizika kwenye gunia la unga wa mbao. Akachukua mtungi mkuukuu wa kuzimia moto, akaupaka rangi ya buluu, akaufunga mpira wa pampu ya baiskeli na saa ya kupimia mvuke iliyotoka kwenye boila bovu. Mshale wa saa hiyo ulikuwa umeganda kwenye arobaini tangu vita vya Hitla. Alipovitazama vyote vimepangwa, alijionea huruma. "Mimi mwenyewe," akasema, "nisingejipa hata kengele ya baiskeli niitengeneze."

Pale Bunda, nyumbani kwa Felisian mtaa wa Nyasura, aliomba watu wasogee hatua kumi, maana gesi ya baridi haipendi kelele. Mashine yenyewe ilikuwa kwenye buti: feni, na mabomba mawili angavu kama kioo yanayopeleka hewa mbele. Kudura aliingiza kichwa na mabega, akalisukuma debe mbele ya feni, akalifunika kwa zulia. Kisha akapampu kwa sauti kubwa.

"Inaingia?" Felisian akauliza kutoka mbali.

"Arobaini!" Kudura akajibu.

"Na sasa?"

"Arobaini kamili!"

Wakawasha injini, wakazunguka mji. Felisian alipoona hewa baridi inamgusa shingoni, alikaa wima kama mtu aliye kanisani. Kwenye soko aligonga kioo kutoka ndani ili watu waone anatetemeka.

"Usifungue buti kwa siku tatu," Kudura akamwagiza. "Gesi inatakiwa ikomae."

Felisian akampeleka zizini. Mlikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini, lakini alimwonyesha wanne waliofungwa pembeni: wanene, wazuri, mmoja mwekundu mwenye nyota usoni. Kudura, ambaye ng'ombe aliyemjua vizuri zaidi ni yule wa kwenye sufuria, alikubali kabla mwenyewe hajabadili mawazo.

"Wapeleke moja kwa moja kwenye bucha," Felisian akasema. "Usisimame njiani."

Hakusimama. Hata angetaka kusimama, asingeweza. Siku ya kwanza aliwachapa, wakamkokota. Siku ya pili wakafika panapogawanyika njia, na kabla hajawaelekeza, wakakata wenyewe kuelekea Butiama na kuanza kukimbia. Kudura alikimbia nyuma yao kiatu mkononi, huku moyo umemjaa fahari. Alidhani ana kipaji cha uchungaji.

Mzee Nyamhanga alikuwa uani. Tabu alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Kudura akasimama, akavaa kiatu, akaanza hotuba aliyoitunga njiani.

"Baba, mimi Kudura bin Salum, mtu wa mjini, nimeleta—"

"Kebwe!" mzee akaita.

Ng'ombe mwekundu mwenye nyota akainua kichwa, akamwendea, akamlamba mkono.

Mzee akawashika masikio wote wanne, mmoja baada ya mwingine. Kila sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili. Alipogeuka, uso wake haukuwa wa mkwe.

"Kijana, umewatoa wapi ng'ombe wangu?"

Kudura wa Musoma hakujua jambo ambalo mtoto yeyote wa Butiama analijua: ng'ombe aliye kwenye zizi la mtu si lazima awe wa mtu huyo. Mwenye mifugo mingi huwagawa wengine kwa marafiki wa mbali wamtunzie, ili ugonjwa au ukame ukija usiwamalize wote mahali pamoja. Mtunzaji anakunywa maziwa. Ng'ombe akifa, humletea mwenyewe ngozi yenye alama kama ushahidi.

"Hawa nilimwekesha Felisian Mhoja miaka mitatu iliyopita," mzee akasema. "Aliniambia wamekufa wote. Akaniletea ngozi nne, masikio yamekatwa vilevile."

Vijana wanne wa pale nyumbani walikuwa wameshasimama na fimbo. Huko Mara mtu anaweza kusamehewa mambo mengi, lakini wizi wa ng'ombe haumo.

"Baba, mimi si mwizi wa ng'ombe!" Kudura akapaza sauti. "Mimi ni tapeli wa barafu!"

Akaeleza kila kitu, mtungi, mpira na ule mshale wa arobaini. Katika maisha yake hakuwahi kusema ukweli mrefu kiasi kile, na ulimchosha. Alipomaliza, Tabu alikuwa ameweka ungo chini na kujifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Kwa hiyo, Kudura," akasema alipopata pumzi, "umekuja kumtolea baba mahari ya ng'ombe wake?"

Mzee hakucheka, lakini fimbo zilishuka. "Mtu anayerudisha ng'ombe waliopotea hupewa mmoja. Mchukue yule mweusi. Ni wako."

Kudura akamshika kamba yule mweusi.

"Sasa nipe," mzee akasema, akaipokea kamba. "Hiyo ni mahari. Bado watatu."

Kabla Kudura hajaelewa kama amepata au amepoteza, motokaa nyeupe ikaingia uani inatoa mvuke puani kama nyati. Felisian alikuwa amefungua buti siku ya pili na kukuta debe la maji ya uvuguvugu, akalitupa. Alikuja akifuata nyayo kwa hasira, na alipoona zimekata kuelekea Butiama alizifuata kwa hofu. Alichelewa. Alishuka shati limemganda mwilini, akakutana uso kwa uso na Nyamhanga, na Kebwe nyuma yake.

"Mhoja," mzee akasema, "marehemu wamerudi. Ndama wao wako wapi?"

Felisian akamgeukia Kudura, aliyekuwa mnyonge zaidi pale. "Mwongo huyu! Angenipa baridi ya kweli ningempa ng'ombe wangu halisi, hata watatu, mbele yenu wote!"

"Nimesikia," mzee akasema. "Nanyi mmesikia."

Vijana wakaitikia kwamba wamesikia.

Kudura alifungua boneti ili apate mahali pa kuficha uso. Mbele ya rejeta palikuwa na kitu kingine kama rejeta ndogo, ambacho hakukijua, nacho kilikuwa kimezibwa na nyuzi za pamba kama godoro. Misimu yote ya pamba ya Bunda ilikuwa imejikusanya pale. Bila kuwa na la kufanya, akachukua unyoya wa kuku akaanza kuchokoa. Alichokoa mpaka upepo ukapita. Wakaongeza maji, wakawasha.

Baada ya muda kidogo Felisian, aliyekaa ndani kwa sababu alikuwa anaogopa kukaa nje, akashtuka na kushika shingo. Hewa ilikuwa baridi kuliko hata ile ya barafu.

"Imepona!" Kudura akapiga kelele. "Wallahi, imepona yenyewe! Watatu, Bwana Mhoja!"

Felisian akashuka mbio, akafungua buti, akapekua. Akainua zulia. Akainua tairi la akiba. Hakuona kitu.

Wakati huohuo, chini ya motokaa, tone la maji, umande wa mashine iliyopoa, likadondoka kwenye vumbi. La pili likafuata. Kisha yakawa yanadondoka mfululizo, na wote wakainama kuyatazama.

"Barafu," Felisian akasema. "Inayeyuka. Mnaona wenyewe."

"Hakuna barafu!" Kudura akaapa. "Baba, sina barafu! Ningeitoa wapi Butiama?"

"Kudura," mzee akasema kwa upole, "hata mimi ninayaona maji."

Kudura akamgeukia Tabu. Tabu alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeomba dawa iliyokatazwa. Matone yaliendelea. Kudura akayaangalia muda mrefu, mashaka yakamwingia, na mwishowe akapiga magoti, akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini ya motokaa ili aone barafu ameiweka wapi.