Ploti Inayotazama Stesheni

Jumanne, 1 Desemba 2009

Leo nimekuwa mtu mwingine. Nimeanza daftari hili ili siku moja wajukuu wangu wajue utajiri wao ulianzia wapi.

Ulianzia hotelini, nyuma ya soko la Machakos, juu ya chapati na maharagwe. Festus, broka wa mashamba, alikunjua ramani iliyofunika meza yote. Reli mpya inakuja! Itaachana na ile ya zamani ng'ambo ya Konza, na hapo zitakapoachana patajengwa stesheni, na kuzunguka stesheni, mji. Ramani ilikuwa na kila kitu: benki, hospitali, kanisa, hata makaburi. Mji ambao umeshapanga pa kuzika watu wake si mchezo.

Festus akaweka kidole kwenye ploti namba kumi na nne. Inatazama stesheni uso kwa uso. Abiria akishuka, kitu cha kwanza kuona ni hoteli yangu. Akasema amewakatalia watu wa Nairobi kwa sababu anapenda kuinua watu wa nyumbani. Nilikaribia kulia.

Pesa sina. Tangu serikali ilipotupunguza kazini, mimi ni karani wa nyumba yangu mwenyewe. Festus akauliza, kwa upole sana, kama niko na mifugo.

Niko nayo. Mbuzi watatu. Hapo ndipo pagumu kidogo.

Jumatano, 2 Desemba

Nieleze habari ya hao mbuzi, kwa faida ya wajukuu.

Kwetu Ukambani mwanamume akioa hupeleka mbuzi watatu kwa baba wa msichana. Hiyo ndiyo ntheo. Bila ntheo hujaoa; umekaa tu na mtoto wa watu. Mimi na Munyiva tumekaa tu tangu 1985. Nilikuwa nangoja mambo yanyooke. Sasa binti yetu Mumbua anaolewa, na watu wa bwana harusi, wa Wamunyu, wanaleta ntheo yake Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Ambaye hajapeleka ya mama hawezi kupokea ya binti. Nisipofikisha mbuzi kwa baba mkwe kabla ya siku hiyo, kiti cha baba kitakaliwa na shemeji yangu Musyoka. Musyoka mwenye duka la hadiwea, mwenye pikapu, mwenye tumbo.

Kwa hiyo Munyiva amewanenepesha mbuzi mwaka mzima, kwa mkono wake. Beberu, yule wa sikio lililochanika, anaitwa Diwani kwa sababu hupiga kelele na hana kazi. Majike ni Sukari na Subira.

Hesabu yangu haina tundu. Nampa Festus mbuzi. Napata ploti. Wiki haiishi kabla sijamuuzia Musyoka kwa bei maradufu. Nanunua mbuzi sita. Watatu kwa baba mkwe, watatu faida. Munyiva hatajua lolote ila kwamba mbuzi wameongezeka.

Leo alipokwenda mazoezi ya kwaya niliwatoa. Diwani alikataa kupanda lori la kanta la Festus, ikabidi nimsukume kwa bega. Jioni nilimwambia Munyiva mbuzi wamekwenda chanjo. Akauliza ni chanjo gani hiyo ya kulala huko. Nikasema ni ya kisasa.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimekwenda kuona mali yangu! Hadi Konza vizuri. Kutoka Konza bodaboda ilinibeba mpaka matope meusi yalipoanza, kijana akasema pikipiki ni ya watu, akanishusha. Nikatembea. Nyasi, miiba, nyumbu kadhaa, mbuni mmoja. Halafu nikaviona: vigingi vyenye rangi nyekundu, vimesimama kwa mstari! Ploti yangu ina kichuguu katikati. Kitakuwa bustani ya hoteli. Wazungu wanapenda vitu vya asili.

Mchunga ng'ombe wa ranchi alinijia akauliza nimepoteza nini. Nikamwonyesha mahali tiketi zitakapouzwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema vigingi vile ni vya seng'enge ya ng'ombe. Nilimwelewa mara moja. Anaitaka ploti yeye. Watu wana tamaa!

Nimerudi na kilo mbili za udongo kwenye kila kiatu. Sikuukwangua mlangoni kama kawaida. Ni udongo wangu.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimemtegea Musyoka. Namjua: ukimnyima kitu, hapati usingizi mpaka akipate. Nilikwenda kwenye hadiwea yake kununua msumari mmoja, nikamwomba mbele ya watu asije akathubutu kunitaka nimuuzie ploti yangu ya stesheni, maana urafiki utaharibika.

Hakuuliza bei. Alinifungia msumari kwenye gazeti, akauliza ntheo ya dada yake iko wapi, kwa kuwa baba yao ameshanunua koti la kuipokelea. Nikasema iko njiani. Akasema njia hiyo ni ndefu kweli, imeanza Mumbua hajazaliwa. Wateja wakacheka. Wacha wacheke. Mimi niliona jicho lake likimetameta. Amenasa!

Jioni nimekipaka mafuta kigoda cha babu, kile cha miguu mitatu. Babu alikikalia, baba akakikalia, na Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Nimejaribu kukikalia. Kinanikaa vizuri.

Jumapili, 6 Desemba

Msiba! Wakati wa maombi Munyiva alisimama kanisani akasema mbuzi wake wamelazwa. Mchungaji akamwombea Diwani, akamwombea Sukari, akamwombea Subira, kila mmoja kwa jina lake. Kanisa zima likaitikia amina. Yangu ilikuwa ya juu kuliko zote.

Tukitoka, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniambia nijikaze.

Jumatatu, 7 Desemba

Musyoka amenunua! Lakini si kwangu! Mjanja yule amekwenda moja kwa moja kwa Festus. Amechukua namba kumi na tatu, amechukua kumi na tano, amechukua ya nyuma, na mbele yangu, Mungu wangu, amenunua barabara! Alikuja mwenyewe na pikapu kunieleza, meno yote nje. Ploti yangu imezungukwa. Abiria akitaka chai kwangu itabidi aruke ukuta wa Musyoka na mizigo yake kichwani.

Nikamwambia nitamshtaki kwa chifu. Akasema nimshtaki, na nikiwa huko nimweleze chifu habari ya ntheo. Mtu anawezaje kununua barabara ya mji? Ni unyama huu!

Jumatano, 9 Desemba

Nimetulia, nimefikiri kiutu uzima. Barabara itangoja. Kwanza mbuzi. Nimemsaka Festus mji mzima nimrudishie ploti, na yeye anirudishie mbuzi.

Nilimpata kwa kinyozi. Alisikitika sana, na povu kwenye shavu. Mbuzi ameshawauza, kwa mzee mmoja mchonga vinyago wa Wamunyu aliyetaka wanono kwa shughuli ya mwanawe. Wamunyu wachonga vinyago wamejaa kila mahali, kwa hiyo nikamtakia huyo mzee heri na shughuli yake.

Lakini Festus hakosi la kumsaidia mtu. Aliuliza kwa nini nisimpelekee baba mkwe ploti yenyewe. Ntheo ya kisasa! Ajabu, mbona sikuliwaza hilo mwenyewe?

Alhamisi, 10 Desemba

Nilivaa tai. Nilimkuta baba mkwe, Mzee Mutua, amekaa uani na lile koti jipya, analizoea. Nikampa cheti cha ploti kwa mikono miwili. Kina mhuri wenye picha ya treni.

Mzee alikishika mbali na macho, kisha karibu. Akauliza kinakula majani gani. Nikasema hakili. Akauliza kinazaa. Nikasema thamani yake ndiyo inayozaa. Akauliza usiku atakifunga wapi. Musyoka alikuwa pale, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye, mwenye kununua barabara!

Mzee akanirudishia karatasi yangu. Akasema wageni watakuja nyumbani kwangu mimi, kwa sababu turubai limeshalipiwa na Mumbua ameomba hivyo. Lakini kigoda atakikalia Musyoka.

Niliporudi, Mumbua alikuwa anapiga pasi shati langu jeupe. Akaniambia tangu utotoni amekuwa akiiwaza siku hii, na kila akiiwaza ananiona mimi juu ya kigoda cha babu. Nilishindwa kumwambia. Niliona haya, haya ya kweli. Munyiva alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza tena habari za chanjo. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 12 Desemba

Jamhuri Dei. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo za taifa tangu asubuhi, na mimi nilipewa birika. Birika! Nyumbani kwangu! Musyoka alikaa juu ya kigoda cha babu, tumbo mbele, na mimi nikasimama nyuma yake nikingoja kuwanawisha wageni.

Watu wa Wamunyu walifika wakiimba. Wakasimama langoni, wakabishana kidogo na akina mama wetu kama ilivyo desturi, wakafunguliwa. Mbele alikuwa baba wa bwana harusi na kofia yake ya manyoya, na nyuma yake kijana ameshika kamba tatu.

Niliona sikio lililochanika.

Munyiva alikuwa jikoni akiwaambia wasichana watoe mchele. Diwani akasikia sauti yake. Akalia kwa nguvu kama siku za nyuma, akamponyoka kijana, akapita katikati ya wazee, akapita mbele ya Musyoka, akazunguka jikoni na kuingia moja kwa moja kwenye banda lake. Sukari nyuma yake. Subira nyuma ya Sukari. Kila mmoja akasimama kwenye kona yake na kuanza kula.

Nyimbo zikakatika. Baba wa bwana harusi alifurahi sana. Akasema hajawahi kuona mbuzi wakikubali nyumba ngeni haraka vile, ni baraka kwa ndoa. Munyiva akatoka jikoni. Akaita Diwani. Diwani akaitika. Akaita Sukari. Akaita Subira. Halafu akanigeukia mimi, na boma zima likanigeukia pamoja naye. Mimi nikatazama ndani ya birika.

Mzee huyo, kumbe ndiye yule mchonga vinyago, aliulizwa alikowapata, akasema kwa broka wa Machakos, jina Festus, mtu mzuri sana. Musyoka aliposikia jina hilo alijikuna shingo. Mzee Mutua akalivuta koti lake likae sawa. Kisha akasema watu wa Wamunyu hawana kosa, wamenunua kwa haki, ntheo ya Mumbua imepokelewa. Ya Munyiva ndiyo bado.

Mumbua alinikumbatia hata hivyo, mbele ya wote. Hiyo sitaisahau.

Jioni mbuzi walipelekwa kwa Mzee, kwa kuwa hapa hapana mwenye haki ya kuwafuga. Munyiva akajifunga leso, akajitwika sanduku lake, akachukua fimbo, akawafuata. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwao, maana kumbe hajaolewa. Siku nitakayokuwa na mbuzi watatu nije nipige hodi kama kijana yeyote. Akaenda bila kugeuka. Diwani ndiye aliyegeuka.

Jumapili, 13 Desemba

Nyumba kimya. Ugali wangu umeungua chini na juu ni mbichi. Sikwenda kanisani, kwa kuwa najua wangeniombea kwa jina langu.

Lakini Mungu halali. Mchongaji alipita kabla ya kurudi Wamunyu. Kumbe jana macho yake hayakuwa kwa mbuzi wala kwa maharusi. Yalikuwa kwenye kigoda. Alikigeuza chini juu, akakipapasa miguu, akasema mkono uliochonga kitu kile haupo tena Ukambani kote. Anakitaka. Atanipa mbuzi watatu wa kwake mwenyewe, wazuri, awalete Jumanne.

Mbuzi watatu! Munyiva nyumbani kabla ya Krismasi! Nimemshika mkono mpaka akaomba nimwachie. Babu atanielewa. Naapa mbele ya daftari hili: reli basi, Festus basi.

Jumanne, 15 Desemba

Festus amekuja asubuhi, kabla ya mchongaji. Nilimkamata kola kabla hajasema jambo. Akaniomba nimsikilize. Nikamsikiliza, kola bado mkononi.

Reli imehamishwa! Haipiti tena pale, itapita upande wa pili wa kilima. Ploti zote za upande wa zamani hazitazami kitu. Ya kwangu haitazami kitu. Na ya Musyoka haitazami kitu! Musyoka na barabara yake wanatazama kichuguu! Na sasa, kwa haki kabisa, wa kwanza kupewa nafasi upande mpya ni sisi tulioumia. Kwangu amehifadhi ploti namba moja. Musyoka bado hajaambiwa.

Nikaachia kola. Nikainyoosha.

Festus aliondoka na kigoda begani. Mchana mchongaji akafika na mbuzi wake watatu, wanono kweli, mmoja ana madoa meupe ambayo Munyiva angeyapenda. Nilimweleza kwa heshima kwamba nimeshapita kiwango hicho. Mbuzi watatu ni wa mtu anayeanza maisha. Mimi niko na mpango wa mbuzi thelathini. Akawageuza mbuzi wake, wakaanza safari ya kurudi Wamunyu.

Nimemtumia Munyiva ujumbe kwa simu, nikamwambia asilifungue sanduku lake huko, ni wiki moja tu. Viti vya kukodi vimerudishwa, kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama.

Amejibu sasa hivi. Anauliza mbuzi wako wapi.

Nimemwambia wako njiani.